Lami Juu ya Paa la Mpira

Niliisikia harufu ya lami kabla sijaiona nyumba yangu. Tulikuwa tumeshuka barabarani na mizigo, mume wangu Abdinur mbele na sanduku begani, mimi katikati, na binti yetu Najmo nyuma akitembea kwa kujishika kiuno, maana tumbo lilikuwa limeshashuka. Nilidhani kuna watu wanatengeneza barabara, nikafurahi.

Nyumba yangu ni gari. Sisemi kwa kujivuna wala kwa kulalamika. Ni moja ya yale magari makubwa ya kusafiria ambayo ndani yana vitanda, jiko na choo kidogo. Wazungu wawili wazee walifika nalo Machakos, injini ikawafia mikononi, na Abdinur, ambaye ni mchuuzi wa mbuzi na hawezi kuona kitu kinauzwa bila kuuliza bei, akalinunua. Aliniambia tutaishi humo mpaka tujenge. Wakati huo Najmo alikuwa darasa la sita. Sasa Najmo ni mke wa mtu huko Garissa, na msingi wa nyumba yetu bado uko kichwani mwa baba yake. Gari limesimama juu ya mawe kwenye kiwanja cha kukodi, nje kidogo ya mji, upande wa vilima vya Mua, na mimi nimelipenda kama mtu anavyompenda mume asiyejua kuchagua.

Yule mama mzungu, kabla hajaondoka, alinipandisha juu akanionyesha paa. Si bati. Ni mpira, shuka moja pana ya mpira iliyogandishwa juu ya mbao kwa gundi. Alinifundisha kuliosha kwa maji, sabuni na brashi laini kabla ya kila msimu wa mvua, kukagua kingo na pale tundu la hewa linapotokea, kubandua gundi iliyopasuka na kuweka mpya. Kila baada ya miaka michache, akasema, lipakwe rangi yake nyeupe, rangi nzito ya mpira inayoziba nyufa na kulirudisha jua lilikotoka. Alinikataza mambo mawili tu: nisilipande na viatu, na nisiruhusu kitu chochote chenye mafuta kiliguse. Petroli, mafuta ya taa, lami. "Mafuta nakula mpira," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akitafuna hewa ili nielewe.

Nilielewa. Nimelitunza paa lile kuliko nilivyoyatunza meno yangu.

Mwaka huu gundi ya pembeni mwa tundu la hewa ilikuwa imechoka, na maji yalikuwa yameanza kudondoka juu ya kitanda, tone moja moja. Dada yangu wa Eastleigh alikuwa ameniagizia mkebe wa rangi nyeupe, nikaufungia chini ya kitanda nikisubiri tumlete Najmo nyumbani. Kwetu Wasomali binti huja kujifungulia mimba ya kwanza kwa mama yake, na akishajifungua hatoki nje mpaka arobaini iishe. Yeye na mtoto hukaa ndani wakilishwa, wakikandwa, wakifukizwa udi. Arobaini ya Najmo ingeangukia katikati ya mvua za Novemba, chini ya paa lile, kwenye kitanda kile. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na kwa kuwa sijui kukosa usingizi kimyakimya, nililisema kwenye kioski cha maji, mbele ya Mutheu.

Mutheu ni jirani yetu wa upande wa pili wa ua, na ndiye mwenyekiti wa mwethya wa huku kwetu. Mwethya ni kundi la majirani wa Kikamba wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba mitaro shambani kwa huyu, wiki ijayo wanajenga zizi kwa yule. Halipwi mtu. Mwenye kazi hupika, wakala, wakaimba, wakaenda zao. Miaka yote niliwaona wakipita na majembe begani. Walinisalimia vizuri, na Krismasi walinunua mbuzi kwetu. Lakini hakuna aliyewahi kusimama akaniambia twende, wala hawakuwahi kuja kwetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku yangu ya tatu ilikuwa imegoma kufika. Nilijiambia sijali, tena nilijiambia mara nyingi mno kwa mtu asiyejali.

Basi tulipokata kona, Mutheu alitoka mbio kwake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Mama Najmo, karibu nyumbani. Baba Najmo, karibu," akasema. "Lakini msiingie kwanza. Angalieni juu."

Nikaangalia juu. Paa langu lilikuwa jeusi tii kutoka ukingo hadi ukingo, liking'aa kwenye jua.

"Mwethya yote ilikuja," Mutheu akasema. "Wazee, wamama, hata Justus na mgongo yake. Si ulisema hiyo nyumba inavuja na mtoto wetu Najmo anakuja kuzalia hapa? Tukasema aiee, hawezi kulala mahali inanyesha. Lami ilikuwa imebaki kwa ile tangi ya kanisa. Tukapiga mkono mbili. Sasa hapo hata ile gharika ya Nuhu haiingii."

Nikafungua mdomo. Najijua, mdomo wangu ukishafunguka haurudi mtupu. Lakini Abdinur alinikanyaga mguu, akanikanyaga kwelikweli, na kiatu chake cha mnadani. Nikageuka nimpe haki yake, nikaona machozi yanamtoka. Nimeishi na mtu huyu katika ukame uliomaliza mbuzi wake wote, na sikumwona akilia.

"Mwethya?" akamuuliza Mutheu. "Ilikuja hapa? Kwetu?"

"Sasa ilikuwa iende wapi?" Mutheu akajibu, akamkumbatia Najmo na kuanza kumsemesha Kikamba. Najmo akamjibu kwa Kikamba chake cha shule ya msingi, wakaenda wakicheka. Mimi nikabaki nimesimama na mizigo, nikinusa lami.

Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi. Nilitandika ubao nikalala juu yake kifudifudi, kama nilivyofundishwa. Chini ya lami mpira ulikuwa umevimba. Ulikuwa umetoa malengelenge kama chapati iliyo kwenye moto, na ukingo wa mbele ulikuwa umejikunja na kuachana na mbao. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Nililaani kwa Kisomali, nikalaani kwa Kiswahili, nikamalizia na Kikamba kidogo nilicho nacho. Juu ya Mua mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

Abdinur alikuwa akinisubiri chini, ameshika ngazi.

"Tutanunua turubai," akasema kabla sijasema neno. "Tulifunge juu, tuseme asante, basi."

"Turubai kwa huu upepo? Na huko chini mpira unaendelea kuliwa. Mvua ikifika hatutakuwa na paa, tutakuwa na uji."

"Paa linanunuliwa, Sainab. Majirani hawauzwi mahali."

"Na mjukuu wako anauzwa wapi?"

Aliiachia ngazi. Aliingia kwa mbuzi wake, nami nikaingia kwa masufuria yangu, tukapishana hivyo mpaka jioni. Sote wawili tulikuwa na haki, na ugomvi wa namna hiyo ni mbaya kwa sababu hakuna wa kuomba radhi. Asante ya punda ni mateke, na mimi sikutaka kuwa punda wa mtaa mzima. Watu wale walikuwa wamemaliza siku nzima juani, magotini, kwa ajili ya binti yangu. Nikiwaambia wameharibu, hawatarudi tena. Nisipowaambia, mtoto mchanga atadondokewa na maji ya lami kwa ajili ya adabu zangu.

Jambo moja halikuwa na ubishi: mwethya ulikuwa umefanya kazi na haukuwa umekula. Abdinur akachagua mbuzi aliyekuwa akimwekea mteja wa Syokimau, akamchinja mwenyewe. Mimi nikapika pilau kwenye sufuria ya harusi. Nikamwapia Abdinur kwamba siku ya chakula sitasema kitu, nitashukuru tu, mengine tutayaangalia baadaye.

Walikuja Jumamosi mchana, na hawakuja mikono mitupu. Wamama walileta muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, na ndizi. Mutheu alileta shali ya mtoto, nyeupe pe, ameifuma mwenyewe kwa sindano, akaenda kuitandaza kitandani ili Najmo aione vizuri. Wakala, wakaimba. Mzee Justus, yule wa mgongo, alisimama akaeleza jinsi lami inavyopakwa: usiiache ipoe, usiogope kumwaga, brashi iende upande mmoja. Wakampigia makofi. Nilipiga makofi pia. Pilau yangu mwenyewe sikuigusa.

Halafu mvua ikaja. Haikuwa mvua ya maana, ni ile ya kupima ardhi, matone makubwa machache yenye kishindo. Wanaume wakajibanza chini ya mabati ya zizi. Wamama wakaingia garini kwa Najmo, wakajaa kitandani, sakafuni na mlangoni, wakicheka. Mimi niliingia mwisho. Nilipoingia, nikaona Mutheu ameacha kucheka.

Alikuwa akiitazama ile shali. Katikati yake palikuwa na doa jeusi, likaja la pili, likaja la tatu. Mutheu akainua macho kwenye dari, akanyoosha kiganja, tone likamwangukia. Akalinusa.

"Mama Najmo," akasema, "hii ni maji gani?"

Wamama wakaangalia dari. Nikamtafuta Abdinur, hakuwa karibu wa kunikanyaga.

"Mutheu," nikasema, "hili paa si bati. Ni mpira, na lami inakula mpira. Mmeniharibia paa langu. Na tangu nije Machakos, hakuna kitu nimefanyiwa kikanifurahisha kama hicho. Nimekaa hapa wiki nzima nikishukuru na kukasirika kwa moyo huo huo mmoja, mpaka nimechoka. Nikisema, nawaudhi. Nikinyamaza, mtoto wa Najmo ananyeshewa. Sasa nimesema. Mkiniacha, mniache, lakini mjue nimeshukuru mpaka chini kabisa."

Sauti ilinikatika mwishoni. Sikujali.

Mzee Justus alikuwa amefika mlangoni akikimbia mvua, mfupa mkononi. "Mpira?" akauliza. "Mpira kama ile ya bwawa ya samaki?"

"Sijui ya samaki, Mzee. Ni mpira mweusi, mnene kidogo, unavutika."

"Hiyo ndiyo." Justus aliutazama mfupa wake. "Mimi niko nayo kwa ile bwawa yangu. Yule kijana aliniuzia aliniambia, mzee, usiwahi kumwagia hii kitu mafuta. Nikamwambia mimi si mjinga. Na ni mimi nilishika brashi ya kwanza hapa juu."

Mama mmoja akacheka puani akijizuia, Najmo akashindwa kujizuia, na baada ya hapo gari zima lilikuwa likitikisika juu ya mawe yake. Mutheu peke yake hakucheka. Aliikunja ile shali polepole, doa likabaki ndani.

"Mwaka juzi tulichimbia jirani yetu Muindi mitaro," akasema, "tukaelekeza maji yote kwa jikoni yake. Tulirudi tukazika, tukachimba ingine. Mwethya ikikosea, inarudia. Hii kazi haijaisha, ndio hiyo tu." Kisha akanigeukia, na nikaona kwamba amekasirika, tena sana. "Lakini wewe. Uliona hii kitu siku ya kwanza, ukanyamaza. Kunyamaza ni ya mgeni. Wewe ulikuwa unanyamaza kama nani?"

Nimewahi kutukanwa kwa lugha nyingi, na katika maisha yangu sijawahi kufokewa vizuri namna ile. Nilimshika mikono nikasema tu asante, asante, mpaka akasema niwache kelele nimpe chai.

Jua lilirudi, na Justus akaleta mpira uliobaki alipolitandika bwawa lake, umekunjwa, unanuka stoo, mpana kuliko gari lenyewe. Abdinur alienda Nairobi akatafuta gundi ya mpira. Safari hii nilikuwepo, na kila aliyepanda alipanda kwa sheria yangu: viatu chini, tembea juu ya mbao, usiburute kitu. Mutheu aliniita askari wa paa. Tuliubandua mpira wa zamani pamoja na lami yake, tukaacha mbao zikauke kwa jua, na ubao mmoja uliooza pale kwenye tundu la hewa tukaubadilisha. Mpira mpya tuliuosha kwa sabuni, tukautandaza nyasini mpaka mikunjo ilipolala, kisha tukaupandisha, wengine mbele wengine nyuma, kama watu wanaombeba mgonjwa kwa shuka.

Kuubandika kulitaka kitu cha kusukumia hewa itoke chini ya mpira. Nilikuwa nikiwaza tupate wapi kitu kama hicho, wamama wakaenda makwao wakarudi na vijiti vya kusukumia chapati. Walipiga magoti kwenye mbao kwa safu moja, wakausukuma mpira kutoka katikati kwenda kingoni, wakiimba, na kila kiputo kilichotoka kikapigiwa vigelegele. Najmo alikuwa kwenye kiti chini ya ngazi, akielekeza kwa Kikamba kana kwamba yeye ndiye fundi. Kingo tukaziziba kwa gundi, na tundu la hewa nikaliziba mwenyewe, kwa kidole changu, nikilizunguka polepole.

Ndipo nikautoa ule mkebe wa rangi nyeupe chini ya kitanda. Tulipaka asubuhi kabla jua halijawa kali, mkono wa kwanza kwa urefu wa gari. Mutheu alitaka tuunganishe na wa pili saa hiyo hiyo, nikamwambia angoje ukauke. Mutheu hajui kungoja. Alizunguka gari, akapanda, akagusa kwa kidole, akashuka, akapanda tena. Mkono wa pili tulipaka kwa upana, Justus akiwa na rola, na hakusema hata neno moja kuhusu brashi kwenda upande gani. Tulipomaliza, paa lilikuwa jeupe mpaka likaumiza macho.

Mvua ya maana ilianguka siku chache baadaye. Mimi na Najmo tulikuwa tumelala kitanda kimoja, beseni kati ya miguu yetu kwa mazoea. Nje kulikuwa kama watu wanamwaga mahindi. Nilinyoosha mkono gizani nikapapasa ndani ya beseni, nikapapasa blanketi, nikapapasa mto. Kote kukavu.

"Hooyo," Najmo akaniita, maana kwa Kisomali mama huitwa hivyo, "hakuna kinachodondoka."

Nikasema alhamdulillahi, na nilipomaliza kumshukuru Mungu nikawataja majirani mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti, wote waliopiga magoti juu ya kichwa changu. Najmo alilala kabla sijamfikia Justus.

Mtoto alizaliwa hospitalini mjini, msichana, tukamwita Deka. Arobaini yake yote ilinyesha, na yote aliimaliza akiwa mkavu. Mutheu alikuja na uji kila alipoweza, akambeba Deka kwenye ile shali. Doa halikutoka. Nilijaribu sabuni zote, naye akaniambia niliache, mtoto akikua aulize.

Najmo alipotoka nje mara ya kwanza na mtoto wake, Mutheu alikuwa akipita kando ya ua. Alimbusu Deka, akanitazama mimi.

"Alhamisi tuko kwa Muindi," akasema. "Mitaro. Uje mapema, na uje na jembe yako."

Akaendelea na safari yake bila kungoja jibu, kama mtu aliyemkumbusha mwenzake jambo analolijua. Nikabaki nimeshika ua. Sisi ni watu wa mifugo, katika maisha yetu hatukuwahi kumiliki jembe. Siku hiyo hiyo nilienda sokoni. Muuzaji aliniangalia buibui langu akaniuliza jembe namnunulia nani.

"Langu," nikasema.

Abdinur alilitia mpini akiwa amekaa mlangoni, akaukwangua kwa kigae mpaka ukawa laini, akaupima mkononi, akaukwangua tena.  Alhamisi tuliondoka mapema. Pale kwenye kioski cha maji nilipita na jembe begani, katikati ya Mutheu na Mzee Justus, na wanawake waliokuwa foleni wakatusalimia sote kwa pamoja, kisha wakaendelea kujaza mitungi yao.